Gita Lisilo na Mabega

Nimewakosea wazazi wangu mara nyingi, lakini kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijazaliwa. Nilikuwa tumboni mwa mama, mwezi wa nane, nimejaa kila upande, na kwa sababu yangu mkono wa mama haukufika pale ulipotakiwa kufika. Baba alinisimanga kwa jambo hilo hadi nikawa mtu mzima mwenye watoto wangu. "Wewe," alikuwa akisema, "ulinipa kazi kabla hujanipa shikamoo."

Baba yangu, Efraimu Mlowe, alikuwa fundi seremala pale Njombe. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati juu kidogo ya soko, na mwaka huo wa hamsini na sita, Mwingereza akiwa bado anatutawala, alikuwa ameshapata jina. Alitengeneza mabenchi ya kanisa, vitanda, makabati na majeneza. Kilichomtangaza hasa ni meza ya Bwana Enoki, karani wa Makambako, kwenye ile kambi ambako watu walikusanyika kungoja malori ya kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge. Bwana Enoki alikuwa na kitambi cha heshima, na kila alipotaka kuandika jina la mtu kitambi kilitangulia, kalamu ikabaki nyuma. Baba akaikata meza ile ukingoni, mviringo safi kama nusu ya sahani, kitambi kikaingia humo kikatulia. Watu walikwenda kuiangalia wakijifanya wana shida na karani.

Kazi alijifunzia misheni, na alitoka huko na tabia moja ambayo hata malaria kali haikumtoa: karatasi ya kukunja. Akitaka kukata kitu chenye mviringo, mgongo wa kiti au kichwa cha kitanda, alichukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaikunja katikati, akachora nusu moja tu, akakata zote mbili kwa pamoja, halafu akaikunjua. Kushoto na kulia vikalingana bila kupimwa. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba kitu kilichopinda upande mmoja hakuna mtu atakayekikalia akasali kwa utulivu. Baba alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja.

Magita yalimjia kwa bahati tu. Mtu mmoja aliyerudi kutoka Tanga alimletea gita lililopasuka safarini, na baba alipolifungua na kuona jinsi lilivyokuwa jepesi ndani, akashindwa kulala vizuri mpaka atengeneze lake. Akalitengeneza. Kisha akatengeneza jingine. Kupiga hakujua hata wimbo mmoja. Alikuwa akilishika gita kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Aliyekuwa akiyajaribu magita ni mama.

Mama yangu, Idda, alizaliwa Kichiwa, na alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, mwenye vidole vifupi vyenye nguvu za kumenyea mahindi. Gita alijifunza mwenyewe, akikaa kwenye mlango wa karakana mchana wakati baba anasubiri gundi ikauke. Wazee wa kanisa hawakupenda, kwa kuwa gita kwao lilinuka pombe ya ulanzi, basi mama akawa anapiga tenzi za rohoni kila walipopita, nao wakakosa la kusema. Lakini kuimba hakuweza. Nasema hivi kwa heshima zote: mama akifungua mdomo kanisani, waliokaa mbele yake waligeuka kutazama kuna nini.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kumtolea binti nyumbani. Haukuwa wa kabila wala wa ukoo. Aliutunga peke yake akiwa anasaga, hauna maneno, ni sauti tu. Unaanzia chini taratibu, unapanda, unashuka kidogo, unapanda tena, na mwisho wake uko juu kabisa, unasimama hukohuko bila kurudi. Bibi alimwimbia mama wimbo huo mlangoni pale Kichiwa siku mama alipoolewa na baba. Miezi michache baadaye bibi akafa, akaacha mtoto wa mwisho, Ema, ana miaka mitatu. Mama akamchukua mdogo wake mgongoni, akaja naye Njombe akamlea pamoja na watoto wake. Pale kaburini, mbele ya watu, mama alikuwa ametoa ahadi: siku Ema atakapoolewa, atatoka mlangoni kwa wimbo wa mama yake, mzima, mpaka mwisho.

Sasa Ema alikuwa na miaka kumi na minane, na Anania, fundi baiskeli wa Makambako, alikuwa amekubaliwa. Harusi ilipangwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Lori lingekuja Kichiwa asubuhi, nyumbani kwa babu Abrahamu, baba yake mama, kumchukua bibi harusi mlangoni palepale, kwenda kanisani Makambako.

Wimbo mama alikuwa anaujua wote. Kwa vile sauti yake ilikuwa ile niliyoieleza, alikuwa ameuhamishia kwenye gita miaka mingi, uzi kwa uzi. Sasa nieleze kidogo, na asiyewahi kushika gita asiogope. Shingoni mwa gita kuna vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kama vipago vya ngazi. Kadiri kidole kinavyokwenda kuelekea kwenye sanduku, ndivyo sauti inavyozidi kupanda. Kwenye gita la baba, shingo iliingia kwenye sanduku penye chuma cha kumi na mbili. Vyuma viliendelea mbele, vimelala juu ya ubao, lakini kuvifikia ni kazi, maana bega la sanduku limekaa pale kuuzuia mkono. Na wimbo wa bibi ulimalizikia kwenye chuma cha kumi na tano.

Kabla sijaja kuharibu mambo, mama alikuwa na ujanja wake. Alilibana gita kifuani, akainama, akazungusha mkono juu ya bega la sanduku na kuidokoa sauti ile ya mwisho kwa kidole kidogo. Lakini nilipofika mwezi wa nane, gita lilikuwa mbele huko na mama yuko nyuma huku, katikati nimekaa mimi. Mkono ulifika kwenye bega, ukagonga, ukaishia hapo. Wimbo ukakatika sauti tatu kabla ya mwisho.

"Anzia chini zaidi," baba alimshauri. Mama akaanzia chini zaidi, na mwanzo wa wimbo ukaishiwa nyuzi. Hakukuwa na uzi mnene zaidi wa kushukia.

"Basi nizikaze nyuzi zote zipande," akasema baba. Akazikaza. Nyuzi zenyewe zilikuwa za waya wa breki za baiskeli, uliofumuliwa, zawadi ya Anania, nazo zilivumilia vizuri sana. Ambacho hakikuvumilia ni kile kipande cha mbao kinachozishikilia, kiling'oka kikampiga baba kwenye paji la uso.

"Kwaya itaimba," akasema shangazi Tabea, dada yake babu, aliyekuwa amekuja kutoka Kichiwa kuhusu mambo ya harusi na hakulipenda gita hata kidogo.

"Kwaya itaimba ya kwaya," mama alimjibu. "Wimbo wa mama hawaujui."

"Basi upige mpaka hapo unapofika. Nani atajua?"

"Mimi, shangazi. Nitajua mimi." Na mama akalia, palepale karakanani, jambo ambalo baba alisema halikuwa la kawaida yake kabisa. Alikuwa anaogopa. Ema hakupata chochote kingine kutoka kwa mama yao, hata kitambaa, na sasa hicho kimoja kingemfika kimekatika.

Baba alitoka akaenda kukaa kwenye rundo la mbao. Akamfikiria Bwana Enoki na meza yake. Kitambi hakikuondoka, ila meza ilisogea. Akarudi ndani anatembea haraka.

"Mama Lucia," alimwambia, maana dada yangu mkubwa anaitwa Lucia, "niikate sehemu ya kukaa tumbo?"

"Baba Lucia, tumbo langu lina mahali pa kukaa, limekaa kwangu. Kinachonizuia ni bega hili." Akaligonga bega la gita kwa kidole, upande wa chini, ule unaotazama sakafu mtu akipiga. "Hili. Liondoe hili."

Hapakuwa na mtu aliyewaonyesha jambo hilo. Baadaye tuliambiwa kwamba huko ng'ambo mafundi walikuwa wanakata bega la gita tangu zamani, na baba alipoona picha alichukia kidogo. Siku ile alichokuwa nacho ni mke anayelia na siku tano kabla ya harusi.

Alikuwa na mbao mbili za mpodo alizozitunza juu ya dari kwa miaka saba, kavu, nyembamba, zenye mistari iliyonyooka, kwa ajili ya gita ambalo alisema atalitengeneza akishakuwa fundi kwelikweli. Akaziteremsha. Akalivunja gita la zamani ili achukue shingo yake, akaikata pale ilipoungana na sanduku, kwa hiyo kurudi nyuma kukawa hakuna tena. Akazipigilia mbao mbili pamoja kwa misumari midogo, ili ubao wa mbele na wa nyuma vikatwe mara moja.

Halafu akachukua karatasi.

Kuna watu wanakuja kwangu mpaka leo kumsifu baba, eti alibuni, eti alifikiri sana, eti alikuwa ametangulia wakati wake. Sipendi uongo, hata ukiwa wa kumsifu mzazi. Baba yangu alikosea. Aliikunja karatasi katikati, maana hakuwahi kukata mviringo bila kuikunja. Akachora nusu moja, akalichora vizuri sana lile pengo la bega, akakata, akakunjua, akaibandika juu ya mbao na kuanza msumeno. Macho yake yaliona kushoto na kulia vinalingana, na moyo wake ukatulia kama ulivyotulia kwa mimbari na majeneza yote aliyowahi kutengeneza. Alikuwa anapiga mluzi.

Mama alikuja saa nne na uji. Akasimama mlangoni akaitazama kazi.

"Baba Lucia."

"Naam."

"Nilikuomba uondoe bega moja."

"Ndiyo, nimeliondoa."

"Na hili lingine limeenda wapi?"

Baba akatazama. Mama alisema damu ilimshuka usoni, akawa wa rangi ya majivu. Kilichokuwa mezani kilikuwa na umbo la peasi, chembamba juu, kipana chini, hakina bega la kushoto wala la kulia. Mbao za miaka saba. Nyingine hakuna, na shingo ya zamani ilikuwa imeshakatwa.

"Nimezoea kukunja," alisema kwa sauti ndogo.

Mama alikuwa mwepesi wa maneno, nimeshasema, na siku hiyo aliyatumia yote. Alimwuliza kama na yeye mke wake alikatwa kwenye karatasi. Alimwuliza kama Mungu angekuwa seremala wa misheni tungekuwa na mioyo miwili. Alipochoka alikaa kwenye kigoda, akanywa ule uji aliomletea mumewe, wote, halafu akasema, "Haya, unganisha."

Shingo isiyo na bega la kuiegemea hushikiliwa na kiungo peke yake, basi baba aliikata kwa kile kiungo cha pembe za masanduku, kipana ndani na chembamba nje, ambacho hakichomoki hata ukivuta. Alizipinda mbao za ubavuni juu ya bomba lenye maji ya moto. Gundi ya kwato ilikataa kukauka, kwa sababu Njombe mwezi wa saba ni ukungu na baridi ya kukata masikio, na gita likapelekwa jikoni, likaning'inizwa karibu na mahindi. Watoto wakakatazwa kukohoa karibu nalo. Ijumaa mchana nyuzi zikawekwa, na jioni walikuwa wameshafika Kichiwa, mama mbele na dereva, baba nyuma ya lori amelikumbatia gita ndani ya blanketi, yeye mwenyewe akitetemeka.

Hapo ndipo mama alipolipiga mara ya kwanza, nyuma ya nyumba ya babu Abrahamu, na kulikuwa na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa njema kuliko walivyotarajia. Kwa hali yake mama hakuweza kulilaza gita, alilisimamisha ubavuni karibu wima, na kwa mkao huo vidole vilipita penye pengo la chini kama alivyotaka, ila kiganja nacho kilihitaji mahali pa kupita upande wa juu. Kikapita penye lile pengo la makosa. Kama lingekatwa bega moja tu, lile lingine lingemkaba kwenye kifundo cha mkono. Aliupanda wimbo wote mpaka chuma cha kumi na tano akashuka, akapanda tena, anacheka.

Habari ya pili ilikuwa sauti. Sanduku lilikuwa limepungua pande zote mbili, na ile sauti nene, ya kifua, ambayo baba alijivunia kwenye magita yake, ilikuwa imekwenda. Iliyobaki ilikuwa nyembamba, inatokea puani. Baba aliisikiliza akakunja uso.

"Linalia kama mbuzi," alisema.

"Linafika," mama alijibu. "Kesho wewe nenda kasimame kwenye lori, usiniharibie."

Asubuhi ya Jumamosi ukungu uliondoka mapema. Uani palikuwa na watu wa Kichiwa na ndugu waliotoka mpaka Ilembula, na mtungi wa togwa uliokuwa umeanza kupungua kabla ya muda. Lori lilikuwa limeshageuzwa, injini inanguruma, kwa sababu mchungaji wa Makambako alikuwa mtu wa saa. Baba alikuwa kwenye lori kama alivyoagizwa, anayachunguza matairi yasiyokuwa na kasoro yoyote. Aliniambia kwamba aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Watu walikuwa wanalinyooshea vidole gita. Mmoja aliuliza kama limekatwa nywele.

Mama akakaa kwenye kigoda kando ya mlango, akalisimamisha gita ubavuni, akanisogeza mimi kidogo kulia. Ema akatokea, amevaa gauni jeupe, shangazi Tabea amemshika mkono na uso wake ukisema waziwazi kwamba jambo hili la gita lipite upesi.

Mama akaanza. Chini, taratibu. Watu waliendelea kuongea kidogo, kisha wakapunguza. Wimbo ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Mkono ukafika chuma cha kumi na mbili, mahali ulipokuwa unagonga siku zote, ukapita. Kumi na tatu. Kumi na tano. Sauti ya mwisho ikatoka, nyembamba, ya puani, ikasimama juu hukohuko.

Shangazi Tabea aliuachia mkono wa Ema. Alirudi nyuma hatua moja, akashika fremu ya mlango, akaketi kizingitini, mtu mzima yule, na nguo zake za kanisani.

"Huyo ni wifi," alisema. "Jamani, huyo ni wifi yangu."

Babu Abrahamu alikuwa amevua kofia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Ema akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameambiwa mengi juu ya mama yake: shamba alilolima, ukali wake, jinsi alivyofunga kitambaa. Sauti hakuna aliyeweza kumwambia, na yeye hakuwahi kujua kwamba anaweza kuuliza.

"Shangazi," alisema, "mama alikuwa na sauti hii?"

"Hiyohiyo, mwanangu. Nyembamba hivyohivyo. Alikuwa anaimbia puani."

Dereva akapiga honi. Akapiga ya pili. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akazima injini.

"Dada," Ema alisema, "piga tena."

Mama akapiga tena. Alipiga mara tano asubuhi hiyo, mchungaji akawasubiri, na mara zote tano Ema alikuwa amekaa chini vumbini na gauni lake jeupe, sikio ameliegemeza kwenye ubavu wa gita, anamsikiliza mama yake.